Kiwanda cha mbao Mafinga: watu hawamalizi miezi mitatu. Tupime vipi, tuanze kurekebisha wapi?

Msumeno_Mafinga

Kamwene wakuu.

Naomba mchango wa wanaojua mambo ya ajira viwandani, hasa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kiwanda kinapasua na kukausha mbao za paina. Vitengo ni uwanja wa magogo, msumeno, kupanga mbao kwenye stiki (vijiti vya kuzitenganisha zikauke), tanuru, randa na ghala. Mwaka jana tulianza Januari na watu 70, tukamaliza Desemba na 74. Katikati hapo waliondoka 54.

Mwenye kiwanda amepiga hesabu, amepata asilimia 75 ya watu wameacha kazi, na anataka mishahara ya wote ipande kwa asilimia 10 ili watulie. Mhasibu anapinga. Anasema wastani wa muda wa waliopo kazini ni karibu miaka miwili, kwa hiyo hakuna tatizo. Wote wawili wana karatasi zao na wote wamehesabu sawasawa.

Maswali yangu: kipimo kipi ni sahihi cha kujua watu wanakaa muda gani? Sababu halisi za kuondoka zinapatikanaje, maana kwenye daftari karibu kila mstari umeandikwa "mambo ya familia"? Na sheria inasemaje kuhusu wale wanaoacha kuja bila notisi, kisha wanarudi kudai chao?

---

Takwimu_Uyole

Mkuu, mwenye kiwanda na mhasibu wamejibu maswali mawili tofauti, ndiyo maana hawakubaliani.

Hesabu ya bosi wako ni hii: waliotoka, gawanya kwa wastani wa watu waliokuwepo, zidisha kwa 100. Wastani wa 70 na 74 ni 72. 54 kwa 72 ni asilimia 75. Sawa kabisa. Lakini hesabu hiyo inahesabu matukio ya kuondoka. Nafasi moja ikibadilisha watu mara nne kwa mwaka inahesabiwa nne, na mtu aliyekaa miaka sita haonekani popote. Ukiisoma kana kwamba robo tatu ya watu wako wamekimbia, umeisoma vibaya.

Wastani wa mhasibu nao una shida yake. Chukua watu saba wenye miezi 1, 2, 2, 3, 4, 60 na 96. Jumla ni 168, gawanya kwa saba unapata miezi 24. Hapo hakuna hata mmoja aliye karibu na miezi 24. Wapange kutoka mdogo hadi mkubwa, mchukue wa katikati: miezi 3. Huyo wa katikati ndiye anayekuambia hali ya kiwanda. Wanaotoa takwimu za muda wa watu kazini kule Marekani hutumia wa katikati kwa sababu hiyohiyo. Januari 2024 ilikuwa miaka 3.9 kwa wafanyakazi wote, ila wenye umri wa miaka 25 hadi 34 walikuwa na miaka 2.7 na wenye 55 hadi 64 walikuwa na 9.6. Kwa hiyo usilinganishe kitengo cha vijana na ofisi ya watu wazima ukasema vijana hawana nidhamu. Kijana popote pale hajapata hata nafasi ya kukaa muda mrefu.

Kuna tatizo la pili, na hili wengi hawalioni. Ukipima waliopo leo, umepima waliobaki, na waliobaki ni wale wavumilivu. Ukipima walioondoka peke yao, umepima wenye muda mfupi. Njia ni kupima kwa kundi la walioingia pamoja. Chukua wote walioajiriwa Februari, uliza: baada ya siku 30 wamebaki wangapi? Siku 90? Siku 180? Fanya hivyo kwa kila mwezi. Angalizo: walioajiriwa Oktoba hadi Desemba, wengi wao walikuwa hawajafikisha siku 90 mwaka ulipoisha. Usiwaandike "wamebaki", andika "bado". Ukiwachanganya, kiwanda kitaonekana kizuri kuliko kilivyo.

Sasa nipe namba tatu, nikuonyeshe tatizo liko wapi. Kati ya wale 70 wa Januari, wangapi walikuwepo Desemba? Mwaka mzima mliajiri wangapi? Na kati ya walioajiriwa, wangapi waliondoka kabla ya siku 90?

---

Msumeno_Mafinga

Asante sana mkuu. Nimekaa na daftari la mahudhurio. Kati ya 70, walikuwepo 56 Desemba. Tuliajiri 58. Kati ya hao 58 waliondoka 40, na 33 kati ya hao 40 hawakufika siku 90. Wengi wa hao 33 ni wa kupanga mbao na uwanja wa magogo, na walipotea kati ya wiki ya tatu na ya sita.

---

Takwimu_Uyole

Basi jibu umeshalishika. Wakongwe 56 kati ya 70 ni asilimia 80. Kwa kazi ya mbao hiyo ni hali nzuri. Tatizo lako si "watu wanaacha kazi". Tatizo lako ni kwamba watu wapya hawaingii kazini wakakaa, na wanatoka kwa mlango mmoja, kwenye vitengo viwili, kati ya wiki ya tatu na ya sita tangu waanze. Nyongeza ya asilimia 10 kwa watu wote, sehemu kubwa ya fedha ingekwenda kwa wale 56 ambao hawakuwa na mpango wa kuondoka. Kama wanastahili nyongeza, wapewe kwa sababu wanastahili, ila msitegemee itaziba tundu hili.

Kabla hamjafanya chochote, tengeneza daftari lenye safu hizi: tarehe ya kuanza, kitengo, zamu, nyapara aliyempokea, aina ya mkataba, nani alimleta, anakaa wapi na anafikaje, tarehe ya mwisho kuonekana kazini, sababu kwa maneno yake, sababu kwa maneno ya msimamizi. Hizo sababu mbili zikae safu tofauti. Na tarehe iwe ya mwisho kuonekana, siyo siku mhasibu alipomfuta kwenye orodha ya malipo, maana hizo mbili zinaweza kupishana kwa mwezi mzima na hesabu yote ikaharibika.

Safu ya nyapara usiiache hata wakikasirika. Vitengo viwili vyenye kazi ileile na malipo yaleyale vikitofautiana sana, tofauti kwa kawaida ni mtu anayewasimamia.

---

Paina_Nyororo

Wiki ya tatu hadi ya sita? Naomba kuuliza, mnafunga vitabu vya mshahara tarehe ngapi, na mnalipa tarehe ngapi?

---

Msumeno_Mafinga

Tunafunga tarehe 20, tunalipa tarehe 5 ya mwezi unaofuata.

---

Paina_Nyororo

Ndicho nilichokuwa nahisi. Hesabu na mimi. Mtu ameanza tarehe 22 Januari. Vitabu vya Januari vimeshafungwa, kwa hiyo siku zake zinaingia kwenye vitabu vya tarehe 20 Februari, anapokea tarehe 5 Machi. Hizo ni siku 42 bila shilingi. Amepanga chumba Mafinga mjini, anakula kwa mama lishe kwa mkopo, duka linamdai. Wiki ya tatu mama lishe anaanza kumwangalia kwa jicho lingine. Wiki ya nne akisikia kuna mashine ya dingidong (ile ndogo ya kupasulia mbao) porini inalipa jioni kwa jioni, anakwenda. Wala hakuchukia kazi yenu. Njaa ndiyo iliyomwondoa, na akiulizwa atasema "mambo ya familia" kwa sababu hakuna mtu mzima anayependa kusema ameshindwa kula.

Linganisha tarehe za kuanza na siku walizokaa. Walioanza tarehe 21 hadi 28 wakiwa ndio wengi kati ya walioondoka, umepata uthibitisho. Tiba ni nafuu kuliko nyongeza ya mshahara:

Kwanza, mgeni, yaani mfanyakazi mpya, alipwe kwa wiki kwa wiki nane za mwanzo, kisha ahamie kwenye mwezi. Au wote walipwe sehemu katikati ya mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaruhusu malipo ya awali kabla ya siku ya mshahara, na hayo hayahesabiwi kuwa mkopo wala hayatozwi riba. Mhasibu atalalamika kuhusu kazi ya ziada. Ni kazi ya kweli, mpeni msaidizi wa siku mbili.

Pili, msimkate mgeni gambuti, glavu na viziba masikio kwenye mshahara wa kwanza. Vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri, bila malipo. Na makato ya hasara au uharibifu yana utaratibu: lazima mfanyakazi awe amekosa kweli, apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Mshahara wa kwanza ukija umekatwa kila upande, mtu anauhesabu, anauweka mfukoni, kesho yake hayupo.

Sasa kuhusu kitengo chenyewe cha kupanga mbao. Ubao mbichi wa paina wa inchi 2 kwa 6, futi 12, unaweza kufika kilo 25. Huohuo ukishakauka ni karibu nusu yake. Mgeni anayewekwa kupanga mbao mbichi zamu nzima kuanzia siku ya kwanza anabeba tani kadhaa kwa siku na mgongo haujazoea. Siku ya tatu anashindwa kuinuka. Mwanzishie kwenye mbao kavu ghalani au kwenye randa kwa wiki mbili, umwingize kwenye mbichi kwa nusu zamu, na muwe mnabadilishana kila saa mbili kati ya anayepokea ubao kwenye msumeno, anayeweka stiki na anayepanga. Ubao mrefu ubebwe na wawili. Kichanja kikipita kifua, wekeni jukwaa la kusimamia; kuinua ubao mbichi juu ya bega ndiko kunakovunja watu.

Na baridi. Juni na Julai Mufindi, saa kumi na mbili asubuhi ukungu umeshuka, mtu anatembea kilomita tano na nguo zimelowa kabla hajaanza kazi. Chai ya moto na maandazi saa nne, sehemu ya kukaushia nguo karibu na tanuru (joto mnalo, la bure) na gari la kuwakusanya barabarani vinasaidia zaidi ya hotuba.

---

Chai_na_Parachichi

Naongeza upande wa msimu, kwa sababu hata mkitengeneza malipo ya kwanza, Novemba itawakuta.

Huku kwetu mfanyakazi karibu kila mmoja ni mkulima pia. Mvua za kupandia mahindi Mufindi na Njombe zinaanza Novemba hivi, na ukichelewa kupanda wiki mbili umepoteza magunia. Wa Mbarali wao shida yao ni Desemba hadi Februari, kwenye kupandikiza mpunga. Wa Mbozi atakuaga Julai kwa ajili ya kahawa. Wa Njombe siku hizi ana parachichi, na mnunuzi akija na gari lake hasubiri Jumapili. Mtu anayepata mshahara wa kima cha chini hawezi kuacha shamba linalolisha nyumba yake mwaka mzima, na si haki kumwomba aliache.

Kinachoharibu ni kanuni za nidhamu. Kukosekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kueleweka ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Yeye anajua hilo. Ameomba ruhusa, nyapara amekataa, amekwenda hivyohivyo kwa siku nane kupanda. Siku ya tisa anajisemea, nikirudi nitafukuzwa, bora nitafute kwingine. Mmempoteza mtu ambaye angerudi.

Tumieni likizo. Sheria inatoa siku 28 mfululizo kwa mwaka, zikiwemo sikukuu zitakazoangukia humo. Pangeni zamu za likizo mwezi Septemba kwa kuuliza kila mtu shamba lake liko wapi na anapanda nini. Wa vijiji vya juu wapewe Novemba, wa mabondeni Desemba na Januari. Kitengo kimoja kisitoe zaidi ya mmoja kati ya watano kwa wakati mmoja. Wasiofikisha miezi sita ya kazi hawana bado haki ya likizo ya malipo, kwa hao wapeni ruhusa isiyo na malipo yenye tarehe ya kurudi iliyoandikwa. Ile karatasi yenye tarehe ya kurudi ni muhimu sana. Inamwambia nafasi yake ipo.

Kuna kipengele ambacho waajiri wa msimu wengi hawakijui: mtu anayefanya kazi kwako vipindi zaidi ya kimoja ndani ya mwaka, vipindi vyote vikizidi miezi sita kwa jumla, ana haki ya likizo ya malipo hata kama kila kipindi peke yake hakikufika miezi sita. Kwenye chai na parachichi hili linawagusa wengi.

Kwa mnaolipa kwa kilo au kwa kipande: majani ya chai yanakua vizuri wakati wa mvua, yanapungua sana baridi ya Juni hadi Agosti. Mchumaji yuleyule, juhudi ileile, kapu linakuja nusu. Bei ya kilo ikibaki palepale, mapato yanaanguka na watu wanaondoka, kisha mvua zikirudi majani yanakomaa shambani hakuna wa kuchuma. Pandisheni bei ya kilo miezi hiyo, au wahamishieni kwenye kupogoa na palizi kwa malipo ya siku. Vyovyote iwavyo, malipo ya kipande hayaruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini cha sekta. Kwenye mbao ni hivyohivyo: msumeno ukiharibika siku mbili, anayelipwa kwa idadi ya mbao anapata nini? Kama jibu ni "hapati", mmempa yeye hasara ya mashine yenu.

Misiba pia. Sheria inatoa angalau siku nne za malipo kwa kifo cha mwenza, mtoto, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja, au mtoto akiugua. Mjomba na shangazi hawamo. Lakini kule Rungwe na Kyela, na hata huku, mjomba kafa nawe ukabaki kiwandani, utaishi vipi na watu wako? Mkiwa na utaratibu wa siku mbili kwa ndugu wa mbali kidogo, hata bila malipo, mtaokoa watu wengi.

---

Bosi_Mdogo_Makambako

Mimi bado naona mshahara ndio kila kitu. Tusizungushane. Ford kule Marekani alipandisha mshahara na watu wakaacha kuondoka.

---

Takwimu_Uyole

Ndugu, mfano huo ni mzuri na namba zake zinajulikana. Mwaka 1913 kuondoka kwa watu kwenye kiwanda cha Ford kulifika asilimia 370: ilibidi waajiri zaidi ya watu 50,000 kwa mwaka ili wawe na kama 14,000 kazini. Januari 1914 wakatangaza dola 5 kwa siku. Mwaka huo kiwango kilishuka hadi asilimia 54, na 1915 kikawa 16.

Lakini soma vizuri walichofanya. Malipo ya kawaida yalikuwa dola 2 na senti 34. Walizidisha zaidi ya mara mbili, wakapunguza na saa za kazi kutoka tisa hadi nane. Halafu ile fedha ya ziada hakupewa kila aliyeingia getini. Iliwekewa masharti, mojawapo likiwa kuwa na miezi sita kazini. Maana yake ni kwamba kulikuwa na kitu cha kusubiri upande wa pili wa miezi sita. Nyongeza ya asilimia 10 kwa mtu aliyekaa siku 30 na mwenye miaka mitano sawasawa haina nguvu hiyo hata kidogo.

Kama fedha ipo, itumieni kwa ngazi: mgeni anaanza na kiwango halali, akifika siku 90 kinapanda, akifika mwaka kinapanda tena, na ngazi hizo ziandikwe ubaoni getini kila mtu azione. Ngazi isiyoandikwa haimzuii mtu, kwa sababu haamini itafika. Na mafundi wa kunoa misumeno na waendesha tanuru watazameni kando kabisa. Hao ni wachache, wanajulikana kiwanda hadi kiwanda kati ya Mafinga na Njombe, na kwao mshahara kweli ndio sababu. Msumeno ukinolewa vibaya unayumba, mbao zinatoka nene upande mmoja na nyembamba mwingine, na tanuru likiharakishwa mbao zinapasuka na kupinda. Mkimpoteza mmoja wa hao, hasara ya magogo inaweza kuzidi mshahara wake wa miezi kadhaa. Ulizieni bei yake sokoni kila mwaka kabla hajaulizwa na jirani.

---

Msumeno_Mafinga

Nimelinganisha tarehe kama mkuu wa Nyororo alivyoshauri. Walioanza baada ya tarehe 20 ndio wengi kweli. Nashukuru sana. Limebaki swali la sheria: mtu kaacha kuja bila notisi, baada ya mwezi anarudi na barua anadai. Anadai nini kihalali? Na bosi anataka wote wapewe mikataba ya miezi mitatu mitatu ili kupunguza usumbufu.

---

Wakili_wa_Kazi_Iringa

Nianze na mikataba kwa sababu hapo mtaumia zaidi.

Kwa muda mrefu kifungu cha 14 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kiliruhusu mkataba wa muda maalum kwa wataalamu na kada ya uongozi tu. Marekebisho ya mwaka 2025 yameongeza mazingira mengine, zikiwemo kazi za msimu. Kupanga mbao kwenye kiwanda kinachofanya kazi mwaka mzima si kazi ya msimu. Na mkirudisha mkataba uleule mara ya nne, ya tano, kisha mkakataa kuongeza bila sababu, anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai kwamba alikuwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa, na sheria inaihesabu hali hiyo kuwa ni kuachishwa kazi. Mbali na sheria, mfanyakazi mwenye mkataba wa miezi mitatu anaanza kutafuta kazi nyingine mwezi wa pili. Ninyi wenyewe mmemwambia tarehe ya kuondoka. Tumieni muda wa majaribio ulioandikwa na tathmini ya kweli. Kumbukeni kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, kwa hiyo mna nafasi ya kutosha ya kumpima mtu bila kumfunga kwa mikataba mifupi.

Notisi: ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Baada ya hapo, anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4, kwa mwezi ni siku 28. Iwe kwa maandishi, na inawabana wote wawili. Asiyefanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata kiasi ambacho angelipwa kipindi hicho kutoka kwenye stahiki zake. Msikate zaidi ya hapo, na msikate bila karatasi ya hesabu.

Anachodai kihalali aliyeondoka: siku alizofanya kazi na hajalipwa, likizo aliyolimbikiza kwa kiwango cha siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi (kama ana haki ya likizo), na cheti cha utumishi. Nauli ya kurudi alikoajiriwa inaingia kama mlimtoa mbali. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, usiozidi miaka 10, kinalipwa pale mwajiri anapositisha ajira ya mtu aliyefikisha miezi 12, na hakimhusu aliyeacha mwenyewe. Ila hapa kuna mtego. Mtu akiacha kwa sababu mmemfanyia maisha ya kazi kuwa yasiyovumilika, kwa mfano mshahara haulipwi au nyapara anampiga, anaweza kudai kuwa mmemwachisha ninyi. Muda wa kupeleka mgogoro wa kuachishwa kwenye Tume ni siku 30, migogoro mingine siku 60.

Mtu asipoonekana siku tano, msimfute tu. Mpigieni simu, mwandikieni ujumbe, mtumieni mwenzake, na muweke kumbukumbu ya hayo. Baada ya hapo fungueni utaratibu wa nidhamu hata kama hayupo. Faili tupu ndilo linalowashinda waajiri mbele ya Tume mara nyingi.

Jambo la mwisho upande wangu, NSSF. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya 10. Wafanyakazi siku hizi wanaangalia michango yao wenyewe. Kijana akikuta amekatwa miezi mitatu na kwenye akaunti yake hakuna kitu, hatamwamini mwajiri huyo kwa lolote, hata mkiwa na ngazi nzuri ya mshahara ubaoni.

---

Chai_na_Parachichi

Kuhusu lile swali la "mambo ya familia" ambalo halijajibiwa vizuri. Usimuulize mtu siku anayoondoka, wala asiulizwe na nyapara wake. Siku hiyo anataka hela yake na barua nzuri, atasema lolote la amani. Mpigie simu wiki tatu hadi nne baadaye, mtu wa ofisini ambaye hakuwa bosi wake, ikiwezekana kwa lugha ya nyumbani. Msimuulize "kwa nini uliacha". Muulizeni: ni siku gani ulianza kufikiria kuondoka, na siku hiyo kulitokea nini? Sasa unafanya nini, na unalipwa kwa siku, wiki au mwezi? Tukikuita utarudi? Majibu ya hilo la pili yatakuonyesha mnashindana na nani kwa kweli. Huku kwenu si lazima awe kiwanda kingine. Anaweza kuwa bodaboda, au dingidong, au shamba la viazi la mjomba wake.

Na walio kazini waulizeni pia, siku ya 7, ya 30 na ya 60. Dakika kumi tu. Siku ya 7 ulizeni amekula nini na analala wapi. Mwanamke aulizwe kama choo kinafungika na kama kuna mtu anamsumbua, na aulizwe na mwanamke mwenzake. Wanawake wakiondoka kwenye randa na ghala kwa wakati mmoja, wawili au watatu, chunguzeni msimamizi kwanza kabla ya kitu kingine.

---

Msumeno_Mafinga

Dada, hilo la choo na msimamizi nalifuatilia kesho asubuhi, maana ghalani waliondoka wawili wiki moja. Mpango tulioukubali na bosi leo: wageni wote kulipwa Jumamosi kwa wiki nane, kuanzia kundi la mwezi ujao. Hakuna mgeni kuanza kwenye mbao mbichi. Nyongeza ya asilimia 10 imesimama kwanza, isipokuwa fundi wa misumeno na waendesha tanuru. Tutahesabu kundi kwa kundi. Je, nisubiri makundi mangapi kabla sijasema mabadiliko yamefanya kazi?

---

Takwimu_Uyole

Makundi madogo yanadanganya. Ukiajiri watano mwezi mmoja na wakabaki wanne, hiyo inaweza kuwa bahati tu. Unganisha miezi mitatu ya walioajiriwa, usubiri wa mwisho wao afikishe siku 90, ndipo ulinganishe na miezi hiyohiyo ya mwaka jana. Usilinganishe na miezi iliyotangulia, maana msimu wa shamba utaingia humo. Kwa hiyo ni karibu nusu mwaka kabla ya namba ya siku 90. Ila ile ya siku 45 utaiona mapema, na kwa sababu tundu lako lilikuwa wiki ya tatu hadi ya sita, hiyo ndiyo ya kuiangalia kwanza. Kama siku 45 imepanda na siku 90 haijapanda, mmewasogeza mbele tu: angalia kinachotokea wiki ya nane, mnapomhamisha kutoka malipo ya wiki kwenda ya mwezi. Hapo anaweza kukutana na pengo lilelile upya. Mhamisheni kabla vitabu havijafungwa tarehe 20, siyo baada yake, au mumpe nusu ya mwezi kipindi hicho.